Ukumbi wa Pili Hauoni Picha

Jumatatu ya wiki ya tatu ya muhula, saa mbili asubuhi, kipindi cha Maarifa ya Maendeleo. Waliopita darasa hilo wanajua ninachosema: mwaka wa kwanza wote, kozi zote, kwa pamoja. Ukumbi mkubwa ulikuwa umeshajaa tangu saa moja na nusu, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Waliobaki wakaambiwa washuke Ukumbi wa Pili, kule chini karibu na maabara za kompyuta, wataonyeshwa mhadhara kwa projekta. Wakashuka. Projekta ikawashwa. Ukuta ukawa wa bluu, na ukabaki wa bluu hadi kipindi kinakwisha.

Kilichofuata mnakijua. CR akatuma linki kwenye grupu la WhatsApp, kila mwenye bando akafungua kwenye simu yake, asiye na bando akachungulia kwa jirani, na asiye na jirani mwema akaondoka kwenda kunywa chai. Tupige hesabu kidogo. Video ya kawaida ya megabiti 1.5 kwa sekunde inakula megabaiti 675 kwa saa moja. Kipindi cha saa mbili ni zaidi ya gigabaiti moja na robo. Mtu anatumia hela ya bumu, ile iliyokuja imechelewa, kununua gigabaiti moja na robo ili amuone mhadhiri aliyesimama mita 200 kutoka alipokaa yeye. Picha inatoka ukumbini, inapanda mnara wa simu, inakwenda kwenye seva isiyojulikana iko nchi gani, inarudi mnara uleule, inashuka kwenye simu yake. Mita 200! Angepiga kelele dirishani angemsikia.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, sitamtaja, bando lilimkatikia dakika ya kumi na tano. Dakika ya ishirini mwalimu akatangaza kwa mdomo kwamba test imerudishwa nyuma kutoka Ijumaa kwenda Jumatano. Yeye akaja kujua Jumatano jioni, alipokuta wenzake wanalinganisha majibu. Alama kumi na tano za coursework zimekwenda. Mnaojua hesabu za sapu mnaelewa alama kumi na tano ni nini.

Nilipouliza kwa nini Ukumbi wa Pili hauoni picha, jibu nililopewa lilikuwa kwamba mtandao wetu "hauna uwezo", tusubiri vifaa vipya. Makala haya yanapinga jibu hilo. Nimeshaingia kwenye huo mtandao, kwa ruhusa, kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho, na ninasema kwa uhakika: uwezo upo. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye ruta moja. Na kilichokosekana zaidi ya mstari ni daftari, nitafika huko.

Kwanza turudi darasani kidogo. Kila aliyesoma Mitandao ya Kompyuta amewahi kuulizwa tofauti kati ya yunikasti, brodikasti na multikasti, alama sita. Wote tunapata sita. Yunikasti ni mmoja kwa mmoja, brodikasti ni mmoja kwa wote, multikasti ni mmoja kwa kundi. Tunaandika, tunachora mishale mitatu, tunakwenda zetu. Sijawahi kukutana na mtu wa darasa letu aliyewahi kuiona multikasti ikipita kwenye waya wa kweli, nikiwamo mimi mpaka mwaka huu. Programu ya kuigiza mtandao tunayofundishiwa haina hata hizo amri. Yaani tumefaulu kitu ambacho hatujakiona.

Anayetaka kukielewa haraka awaulize wazee wa mjini kuhusu ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa hapa Arusha, jengo la AICC, hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Mzungumzaji alisema mara moja tu. Aliyetaka Kiingereza alivaa vifaa vya masikioni akachagua chaneli ya Kiingereza, wa Kifaransa akachagua yake, wa Kinyarwanda yake. Mkalimani hakujua wanaomsikiliza ni wawili au mia mbili, na hakuongea zaidi kwa sababu wameongezeka. Chaneli ndiyo kundi. Kuigeuza ile swichi ndogo ndiko kujiunga. Kwenye mtandao kompyuta inajiunga kwa kutuma ujumbe mfupi wa itifaki inayoitwa IGMP, na makundi yenyewe yana anwani zao maalumu, kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255. Anwani hizo si za mtu wala mashine yoyote. Ni namba za chaneli.

Sasa faida yake. Chukulia tuna video safi ya megabiti 4 kwa sekunde kutoka ukumbi mkubwa. Tuna Ukumbi wa Pili, na tuna maabara tatu zenye kompyuta 40 kila moja, ambazo saa hiyo ya asubuhi zimefungwa kwa kufuli. Jumla wapokeaji 121. Kwa yunikasti kompyuta ya kamera inatuma nakala 121, ni megabiti 484, wakati waya unaoshuka kwenda jengo la chini unabeba 100 tu. Wapokeaji 25 wanaujaza. Kwa multikasti inashuka nakala moja, megabiti 4, kisha inagawanywa kulekule chini. Ukiongeza maabara ya nne, waya wa kushuka haujui chochote. Huo ndio mtandao "usio na uwezo".

Babu yangu hajawahi kushika kompyuta, ila mambo haya angeyaelewa kabla ya mhadhiri wangu kumaliza slaidi ya pili, kwa sababu amekaa miaka yote kwenye mfereji. Waliokulia huku Meru, kuanzia Nkoaranga na Poli kushuka mpaka Tengeru, wanajua mifereji ya kumwagilia migomba na kahawa. Mfereji unachepuka kutoka mtoni juu kabisa, unashuka mmoja, hauchimbwi mfereji wa kila mwenye shamba kutoka mtoni. Unagawanyika pale tu penye matawi. Kila tawi lina mlango wake wa mawe, udongo na kipande cha mgomba, na milango hiyo hufunguliwa na kuzibwa kwa mkono, kwa zamu. (Mfano huu unavunjika mahali pamoja: maji yakigawanywa yanapungua, pakiti haipungui, inanakiliwa. Laiti mfereji ungekuwa hivyo, kesi nyingi za baraza zisingekuwapo.)

Kuna jambo moja la babu nililidharau nikiwa mdogo na limekuja kunisaidia kwenye ruta. Maji yakiingia shambani kutoka upande ambao si wa mfereji wake, hayapokei. Hata kama ni kiangazi na migomba imenyong'onyea. Anachukua jembe anaziba, kisha anapanda kwenda kuuliza. Kwake, maji yanayotokea upande usio wake yana maana moja: kingo ya mtu imepasuka huko juu, au kuna mtu amechezea mlango.

Ruta inafanya vilevile, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kwa pakiti ya kawaida ruta huuliza: unakwenda wapi? Inaangalia anwani ya mwisho wa safari, inachagua mlango, inatoa. Kwa pakiti ya multikasti haiwezi kuuliza hivyo, maana anwani ya mwisho ni namba ya chaneli, haina mahali. Kwa hiyo inauliza kinyume: umetoka wapi? Inachukua anwani ya aliyetuma, inajiuliza, "mimi ningetaka kumfikia huyu, ningepita mlango gani?" Pakiti ikiwa imeingia kwa mlango huohuo, inapokelewa na kunakiliwa. Ikiwa imeingia kwa mlango mwingine, inatupwa bila taarifa. Ukaguzi huo unaitwa RPF. Si ukaidi tu. Pakiti ya kawaida ikipotea na kuzunguka, inazunguka moja. Ya multikasti ikizunguka, kila mzunguko unazaa nakala, na baada ya muda mfupi mtandao mzima umelala.

Ndiyo maana njia tuli ya multikasti, ile inayoandikwa kwa mkono, inawachanganya watu wanaoikuta kwa mara ya kwanza. Ilinichanganya mimi siku mbili nzima. Njia tuli ya kawaida inasema: "anayekwenda kule, mpitishe hapa." Kwa ruta za Cisco na ndugu zake, amri ya `ip mroute` haisemi hivyo hata kidogo. Inasema: "vitu vya yule, vitegemee kutoka upande huu." Haimpeleki mtu popote. Inaiambia ruta iangalie upande gani, na iombe upande gani. Ukiiandika ukidhani unasukuma video kwenda Ukumbi wa Pili, utaiweka kwenye ruta isiyo yake na utakesha.

Basi tulichokikuta chini ni hiki. Kati ya jengo la juu na jengo la chini kuna njia mbili. Moja ni waya wa faiba. Nyingine ni daraja la redio, zile sahani mbili zinazotazamana juu ya mapaa. Siku za nyuma, faiba ilikatwa na watu waliokuwa wanachimba mtaro, na fundi aliyekuwapo wakati ule akafanya jambo la akili kabisa: akaandika kwa mkono kwenye ruta ya chini kwamba kwenda juu kupitie redio. Mtandao ukarudi, watu wakashukuru. Faiba ikaja kuungwa. Mstari wake ukabaki. Fundi akahama. Tangu hapo intaneti ya jengo la chini imekuwa ikipanda kwa redio, pole pole mvua ikinyesha, na faiba iko pembeni kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Kwa intaneti ya kawaida hakuna aliyegundua, watu walisema tu "net leo nzito". Kwa multikasti ilikuwa kifo. Itifaki ya kubeba maombi ya multikasti kati ya ruta, PIM, ilikuwa imewashwa kwenye faiba peke yake. Ruta ya chini ilipopata ombi kutoka kompyuta ya Ukumbi wa Pili, ikajiuliza: aliyetuma video yuko upande gani? Ule mstari wa zamani ukajibu: redio. Ikageukia redio kuomba, na kule hakuna anayesikiliza. Nilipoandika `show ip rpf` na anwani ya kompyuta ya kamera, nikaona mlango wa redio umeandikwa pale, nikacheka peke yangu maabara saa tano usiku. Ilikuwa inasubiri maji kutoka shamba la jirani.

Dawa yake, kwenye ruta ya chini:

`ip mroute 10.20.5.0 255.255.255.0 10.20.1.1`

Yaani: chochote kinachotoka kwenye mtandao wa kamera, kitegemee kupitia jirani aliye upande wa faiba. Mstari huo hauigusi intaneti ya kawaida, unahusu multikasti tu, na katika kuamua upande wa kutegemea unashinda njia za kawaida usipouwekea masharti mengine. Tulitumia kundi la anwani zinazoanza na 232, ambako mpokeaji anataja chaneli na mtumaji kwa pamoja, hivyo hatukuhitaji ruta ya kati ya kuwakutanisha. Kompyuta zote zikafungua video kwa VLC, programu ambayo nusu yenu mnayo kwa ajili ya muvi.

Sitadanganya kwamba ilikuwa kazi ya dakika tano. Siku ya kwanza tulipoteza saa mbili kwa sababu ya TTL: pakiti za multikasti mara nyingi hutumwa zikiwa na namba 1, na kila ruta inapunguza moja, kwa hiyo zilikuwa zinafia ruta ya kwanza mlangoni tu. Siku ya pili tukagundua swichi moja imezimwa uwezo wa kusikiliza ujumbe wa kujiunga, ikawa inamwaga video kila tundu, mpaka printa ya ofisi ya uhasibu ikawa inapokea Maarifa ya Maendeleo. Siku ya tatu, saa nne usiku, ukuta wa Ukumbi wa Pili ukaonyesha kiti kitupu cha ukumbi mkubwa. Kiti kitupu, na taa moja. Tulishangilia hadi mlinzi akaja.

Kwa wiki nne watu walikaa Ukumbi wa Pili na maabara tatu wakafuata kipindi bila bando. Halafu Jumapili moja umeme ukakatika, betri ya akiba ikaisha, ruta ikazima na kuwaka upya. Ikaamka bila mstari wetu. Kwenye ruta hizi, unachoandika kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uamuru kihifadhiwe, na sisi tulipewa ruhusa ya kujaribu, hatukupewa ruhusa ya kuhifadhi. Tulikubaliana kwamba ofisi itahifadhi yenyewe. Haikuhifadhi. Aliyekuwa na nywila alikuwa likizo. Na ule mstari wa zamani wa redio, usio na mwenyewe, ulikuwa umehifadhiwa vizuri kabisa. Hiyo ndiyo Jumatatu niliyoanza nayo.

Najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshapewa uso kwa uso.

La kwanza: wanafunzi wengi wako kwenye waifai na simu, si kwenye waya. Hili ni kweli na lina uzito. Multikasti na waifai hazipatani vizuri. Kifaa cha waifai kikituma kwa kundi hutumia kasi ya chini ili hata aliye mbali kabisa asikie, na hakisubiri uthibitisho kwamba pakiti imefika, kwa hiyo picha inakatika na wengine wanacheleweshwa. Vipo vifaa vinavyoigeuza ikawa yunikasti hatua ya mwisho, lakini sijui kama vyetu vinaweza, na sitaki kujenga hoja juu ya vitu hivyo. Ndiyo maana sisemi kila mtu aonyeshwe kwenye simu kitandani. Nasema tufungue maabara tatu ambazo zimefungwa saa hiyo, Ukumbi wa Pili, na ile runinga ya kafteria inayoonyesha mpira wa marudio. Vyote vina waya.

La pili ni kwamba hakuna anayetumia multikasti tena, duniani imeshakufa. Hili linasemwa na watu wanaojua nusu. Steve Deering aliyeiandika kama tunavyoijua, kwenye waraka wa mwaka 1989, alitaka ienee intaneti nzima, na hilo kweli halikutokea. Mwaka 1992 walifanikiwa kurusha sauti ya mkutano kutoka San Diego kwenda nchi kadhaa kupitia mtandao uliounganishwa juu ya mtandao, MBone, na mwaka 1994 Rolling Stones wakarusha sehemu ya tamasha humohumo. Njia za MBone zilikuwa zinaunganishwa kwa mkono, mwenye mtandao wa hapa anaongea na mwenye mtandao wa pale. Baadaye ilishindwa kukua kwa sababu kampuni nyingi zilitakiwa kukubaliana, na kukubaliana ni ghali. Lakini penye mwenye mtandao mmoja inaishi vizuri: runinga za mahotelini na majumbani zinazopita kwenye intaneti ya kampuni moja, masoko ya hisa yanayotuma bei kwa madalali wote kwa wakati mmoja. Chuo ni mwenye mtandao mmoja. Hatuhitaji kumuomba mtu yeyote nje ya geti.

Jibu la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi, na lilitoka kwa fundi mwenyewe. Alisema: "Mdogo wangu, vitu vya kuandika kwa mkono ndivyo vinavyotuua. Ukiniachia mstari wako nitakuja kuukuta miaka mitano baadaye sijui wa nini." Ana haki. Mstari uliozima Ukumbi wa Pili ulikuwa wa kuandika kwa mkono, na dawa yangu ni mstari mwingine wa kuandika kwa mkono. Faiba ikikatwa tena, mstari wangu utaendelea kuiambia ruta isubiri video upande uliokufa, hata kama redio iko hai. Mtandao mkubwa wenye njia nyingi zinazobadilika haufai kuendeshwa hivyo.

Wetu si mkubwa. Una ruta tatu na njia mbili. Babu na wenzake wanaendesha milango mingi kuliko hiyo, yote kwa mkono, na haijawahi kutokea wakakuta jiwe lisilojulikana limewekwa na nani. Siyo kwa sababu wana akili kutuzidi. Ni kwa sababu mfereji una wenyewe, una kamati, na atakayehamisha jiwe usiku ataulizwa asubuhi. Ukimuuliza babu mlango fulani umezibwa lini atakutajia siku, na aliyeuziba, na ugomvi uliotokea. Sisi tuna ofisi nzima ya TEHAMA na hakuna daftari. Ruta zenyewe zinakuruhusu kuandika maelezo pembeni ya kila mlango, mstari mmoja tu, "umewekwa na fulani, tarehe fulani, kwa sababu faiba imekatwa". Hakuna aliyeandika. Kosa la yule fundi aliyehama ni kwamba hakuuandika popote, na kosa la chuo ni kwamba hakukuwa na mahali pa kuandika.

Kwa hiyo ombi langu kwa ofisi, kupitia waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi, halina bajeti. Kwanza, daftari, la karatasi kabisa, likae chumba cha ruta, na kila anayegusa aandike jina, tarehe na sababu. Pili, akaunti ya kuangalia tu, isiyoweza kubadilisha kitu, kwa wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho kila muhula. Tungekuwa nayo, ile Jumatatu ningejua tatizo saa mbili na dakika tano. Anayeogopa kwamba tutaharibu, akaunti hiyo haiharibu. Inaona tu, kama tunavyoona matokeo.

Kwa wenzangu wa kozi nina neno pia, msidhani nawasaza. Tumezoea madesa. Tunasubiri ruta ya milioni kadhaa inunuliwe ndipo tujifunze, wakati kule nyuma ya maabara kuna kompyuta kuukuu zimerundikwa. Chukua moja, weka kadi mbili za mtandao na Linux, sakinisha SMCRoute, ni ya bure. Humo njia tuli ya multikasti inaandikwa kwa uwazi kuliko hata kwenye ruta za gharama:

`mroute from eth0 group 239.1.1.1 to eth1`

Inaingilia hapa, kundi hili, inatokea pale. Ukiwa na kompyuta tatu za namna hiyo una mfereji wako mezani. Ziba tawi, fungua tawi, tazama picha ikikatika na kurudi. Ukitaka kitu kinachofanana na ruta za ofisini, FRRouting nayo ni bure na ina PIM. Wiki moja ya hivyo na utalijibu lile swali la alama sita kwa namna itakayomshangaza msahihishaji. Na ukienda fildi, ukapelekwa kwenye chumba chenye ruta za kweli, hutakuwa yule mwanafunzi anayetumwa chapati.

Yule dada wa test ameandika barua idarani, bado hajajibiwa. Mwaka wa kwanza wapya wanaingia mwezi wa kumi na moja, na kwa hali ya udahili ilivyo darasa halitapungua. Mwalimu wa kipindi ameniambia atasimama tena ukumbi mkubwa, Jumatatu, saa mbili. Fundi ametoka likizo. Nimemwandikia ule mstari kwenye karatasi, nimeweka jina langu, tarehe, na maneno "faiba ya jengo la chini, kwa ajili ya Ukumbi wa Pili", na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa: HIFADHI. Amesema atauingiza wiki hii. Karatasi nyingine kama hiyo nimeibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya serikali ya wanafunzi, upande wa kushoto, chini ya ratiba ya ligi. Msiing'oe.